Eti Sielewi Mambo ya Fremu!

Mwezi huu nawaomba dada zangu msiruke ukurasa huu kwa sababu tu mmeona neno PlayStation, maana ni ninyi hasa ninaowaandikia. Kaka zangu nanyi kaeni mkao wa kusikiliza, kuna siri za kijiweni leo naanika juani.

Nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Mwanza. Ana mchumba, ndoa ni mwakani Mungu akipenda, na wamekuwa wakichanga kidogo kidogo kununua vitu vya kuanzia maisha. Jamaa ni mpenzi wa gemu. Dada naye anacheza, siyo yule wa kununa pembeni akisubiri mechi iishe. Wamekubaliana kabisa kwamba sebuleni kwao kutakuwa na mashine ya gemu, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni ipi. Dada anataka PS5 ya kawaida, na hela itakayobaki waiongeze kwenye ya friji. Kaka anataka PS5 Pro. Akiulizwa sababu anaanza kumwaga: teraflopu, gigahezi, fremu 120. Akiulizwa mara ya pili anajibu, "Wewe huelewi mambo ya fremu, niachie mimi."

"Anti," ananiandikia, "ni kweli sielewi, lakini nusu ya hizo hela ni zangu. Hizo fremu ni nini hasa, na je, zina thamani ya friji?"

Dada yangu, umeuliza vizuri mno. Nitaanza na fremu, mapenzi yatafuata, maana ni ngumu kubishana na mtu kwa lugha anayoijua yeye peke yake.

Kitu chochote kinachotembea kwenye TV ni picha za kusimama zinazopishana haraka mpaka jicho linadanganyika. Kila picha moja ndiyo fremu. Sinema ina fremu 24 kwa sekunde, na mtu analia machozi kabisa bila kulalamika kwamba ni chache. Ila sinema ilishapigwa zamani, picha zake zipo tayari. Gemu haina picha za tayari. Mashine haijui kama utapiga pasi au shuti, kwa hiyo inasubiri kidole chako, halafu inachora picha nzima upya: wachezaji, nyasi, kivuli, watu jukwaani. Ikitakiwa kutoa fremu 30 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 33 hivi za kuchorwa. Ikitakiwa 60, muda unashuka hadi milisekunde 16.7. Na 120 ni 8.3 tu! Mfikirie mpishi wa chapati ambaye wateja wameongezeka mara nne ilhali jiko ni lile lile. Ama aongeze mikono, ama chapati ziwe ndogo.

Hapo ndipo penye siri ya biashara nzima ya gemu. Watengenezaji wanapunguza ukubwa wa chapati. Wanapunguza vitone vya picha, wanapunguza vivuli na majani ya miti, ili idadi itoke. Ndiyo maana gemu nyingi za siku hizi zinakuuliza kabisa mwanzoni: unataka hali ya ubora au hali ya kasi? Spider-Man 2 ya Oktoba 2023 ni mfano mzuri. Kwenye PS5 ya kawaida, hali ya ubora ni fremu 30 zenye picha ya kumeremeta, na hali ya kasi ni 60 zenye picha iliyopunguzwa kiasi. Ukitoka kwenye 30 kwenda 60 kidole ndicho kinachotambua kabla ya jicho. Unabonyeza, na jambo linatokea pale pale. Kwa hiyo mchumba wako akisema fremu ni muhimu, hakudanganyi hata kidogo. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alisema Septemba 2024 wakati anaitambulisha hiyo Pro kwamba wachezaji wakipewa kuchagua, karibu robo tatu wanachukua kasi na kuacha urembo.

Lakini kuna jambo ambalo wazee wa kijiweni hawalisemi. Idadi peke yake haitoshi, lazima fremu zije kwa mpangilio. Fremu ikichelewa, TV inarudia ile ya zamani, na wewe unaona mchezaji amekwama halafu ameruka. Gemu yenye 30 zilizotulia inachezeka vizuri kuliko yenye 60 inayoporomoka hadi 40, inapanda, inaporomoka tena. Sawa na mwanaume: anayepiga simu mara moja kila jioni ana afadhali kuliko anayepiga mara kumi leo halafu wiki nzima kimya. (Najua mmecheka, na najua mmewakumbuka.)

Sasa tuje kwenye namba za kwenye boksi. Novemba 2020 Xbox Series X ilitoka tarehe 10, na PS5 ikafuata tarehe 12. Zote mbili bei yake Marekani ilikuwa dola 499, zote memori ya gigabaiti 16, na chipu zote zimetoka kampuni moja, AMD. Microsoft wakaja na teraflopu 12. Sony wakawa na 10.28. Teraflopu ni hesabu tu ya kazi ambayo chipu ya picha inaweza kufanya kwa sekunde ikitumika yote kabisa. Basi ubishi ulioibuka duniani, usipime! Watu ambao hata mashine hawana walikuwa tayari kukosana kwa ajili ya hizo mbili za tofauti.

Gemu zenyewe zilipoanza kuchezwa, mambo yakawa mengine. Wapimaji wa Digital Foundry wa Uingereza, ambao kazi yao ni kuhesabu fremu moja moja, wakakuta Assassin's Creed Valhalla inatulia zaidi kwenye PS5, ilhali kwenye Xbox yenye nguvu zaidi fremu zinapungua na picha inapasuka katikati, mpaka marekebisho yalipotolewa. Januari 2021 ikaja Hitman 3, na hapo Xbox ikachora picha yenye vitone vingi zaidi, 2160 kwa kimo dhidi ya 1800 za PS5. Wenye Xbox wakashangilia. Ila kuna eneo la mashamba ambapo hiyo hiyo Xbox ilishuka chini ya 60 wakati PS5 imetulia tuli.

Ilikuwaje mwenye nguvu azidiwe? Rudi kwa wapishi wangu. Chipu ya picha ya Xbox ina vitengo 52 vya kazi vinavyokwenda gigahezi 1.825. Ya PS5 ina 36 tu, lakini vinakimbia mpaka gigahezi 2.23. Jiko moja lina wapishi wengi wa mwendo wa wastani, jingine lina wachache wenye mikono myepesi. Kuwapangia kazi wapishi 52 bila hata mmoja kusimama anaangalia simu ni kazi ngumu kuliko kuwapangia 36. Kwa hiyo nguvu ya kwenye boksi ipo kweli, ila kuitoa mpaka ifike kwenye TV ni kazi ya aliyetengeneza gemu.

Na hii siyo habari mpya. Waliokua kwenye vibanda vya gemu wataikumbuka PS2, iliyotoka Japani Machi 2000. Prosesa yake ilikuwa megahezi 294 hivi na memori megabaiti 32. Xbox ya kwanza ilikuja Novemba 2001 na megahezi 733 na memori mara mbili yake. Kwa karatasi mechi ilishaisha. Mitaani je? PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155, Xbox haikufika hata milioni 30. Watu walikuwa wanafuata gemu na bei, na rafiki wa kucheza naye. Miaka ya karibuni Nintendo wamerudia mchezo ule ule na Switch ya Machi 2017, kimashine kidhaifu cha kubeba mkononi, kikauzwa zaidi ya milioni 150.

Ngoja niwe mkweli pia kwa upande wa kaka, asije akasema Anti ana upendeleo. Kuna wakati udhaifu wa mashine unaua starehe kabisa. Desemba 2020 ilitoka Cyberpunk 2077, gemu iliyosubiriwa miaka. Kwenye PS4 ya kawaida ilikuwa msiba. Fremu zinaanguka chini ya 30 mchana kweupe, inaganda, inazima. Wiki haikuisha vizuri Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kukubali kurudisha watu hela, na haikurudi dukani mpaka Juni 2021. Kwa hiyo mtu anayesema "nataka mashine ambayo haitazidiwa mapema" ana hoja. Swali ni kama PS5 ya kawaida imeshafika hapo, na jibu langu ni hapana.

Haya, tuiangalie hiyo Pro yenyewe. Ilitoka tarehe 7 Novemba 2024. Sony wanasema inachora picha kwa kasi inayofika asilimia 45 zaidi ya ile ya kawaida, na ina nafasi ya terabaiti 2. Hiyo 45 ndiyo mchumba wako anayoimba. Ila muulize habari ya prosesa. Chipu ya picha ndiyo inayochora, lakini prosesa ndiyo inayofikiri: mpira unadunda wapi, adui anakwenda wapi, gari linapinduka vipi. Na prosesa ya Pro ni ile ile ya PS5, imeongezewa asilimia 10 tu ya mwendo, na hiyo ni pale gemu inapoiomba. Gemu ambayo fremu zake zinakwama kwa sababu ya kufikiri, Pro haitaiponya. Inachofanya vizuri ni kukupa fremu 60 bila kupoteza urembo mwingi wa ile hali ya ubora. Ni jambo zuri sana, na tofauti ipo. Ila ni tofauti ya mtu anayekaa karibu na TV kubwa ya 4K na kuangalia majani.

Na hapo nakufikisha kwenye swali nililotaka uende nalo nyumbani leo: TV yenu ni hezi ngapi?

TV nyingi za kawaida madukani ni hezi 60. Maana yake inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Mashine ikitoa fremu 120, nusu yake huzioni. Ni sawa na kununua maji ya lori zima ukiwa na pipa moja. Ili uzione 120 kwa picha ya 4K lazima TV iwe ya hezi 120 ya kweli na yenye mlango wa HDMI 2.1. Na hapa mjihadhari wote wawili, maana kuna TV zinaandikwa 120 kubwa kwenye boksi kwa majina ya "motion" hivi na vile, kumbe kioo ni hezi 60. Hata ile hali ya kati ya fremu 40, ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote kwa gemu za hadithi, kwa kawaida inahitaji TV ya hezi 120, kwa sababu 40 inaingia mara tatu kwenye 120 lakini haiingii sawasawa kwenye 60. Wanaojua hesabu wataona utamu wake: 30 ni milisekunde 33, 60 ni 16.7, na katikati kabisa ni 25, ambayo ndiyo 40. Fremu 10 tu za nyongeza, lakini kwa muda umeshafika nusu ya safari.

Kama TV yenu ni ya hezi 60, basi ile hoja ya fremu 120 imekufa hapo hapo, wala usiifanyie matanga. Na kabla hamjaongeza hata senti, ingieni kwenye mipangilio ya TV mkaweke hali ya gemu. TV nyingi hupoteza muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na hali ya gemu inakata huo upambaji. Wengi wanailaumu mashine kwa uzito ambao ni wa TV, na dawa yake ni bure.

Swali la pili: mnacheza nini? Umeniandikia kwamba asilimia kubwa ni mpira, wewe na yeye, pedi mbili. Dada, gemu ya mpira ya EA, ile iliyoitwa FIFA mpaka ya mwaka 2022 na tangu 2023 ikaitwa FC, inachezwa fremu 60 kwenye PS5 ya kawaida. Kwenye Pro mechi ni 60 vilevile. Nyasi zitapendeza zaidi, lakini akikufunga hataweza kusema ni Pro, na ukimfunga wewe hataweza kusema ni mashine.

Tatu ni diski, na hili ndilo lingenifanya mimi niamue hata bila kugusa fremu. Pro inauzwa bila sehemu ya kuwekea diski. Ukiitaka unainunua pembeni. Ilipotoka Marekani Pro ilikuwa dola 699.99, kifaa cha diski 79.99, wakati PS5 ya kawaida yenye diski yake ilikuwa 499.99. Bei zimepanda tangu 2025, kwa hiyo angalieni ya leo, lakini pengo lile la kuanzia lilikuwa dola 280, na hapo bado usafiri, ushuru na faida ya muuza duka. Kwetu huku diski ni mali. Unanunua iliyotumika, unacheza, unamwazima shemeji, unabadilishana na jirani, ukichoka unauza. Bila diski kila gemu unaishusha kwa intaneti, gigabaiti mia moja hivi kwa gemu moja kubwa, na huwezi kumwuzia mtu. Bando lenu la kila mwezi linatosha hilo? Sijataja umeme. PS5 ikichezwa inakula karibu wati 200, masaa matatu kila siku ni uniti 18 kwa mwezi, bila TV. LUKU haijui mapenzi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, PS5 ya kawaida yenye diski, na friji. Ningekujibu tofauti kama mngekuwa na TV kubwa ya 4K ya hezi 120, friji ipo ndani inanguruma, na mchumba wako ni mtu wa kucheza gemu za hadithi peke yake usiku. Hapo ningesema mwache ajidai na Pro yake, ametulia nyumbani, unataka nini zaidi?

Ila dada, kuna kitu kwenye ujumbe wako kimenikera kuliko bei. Ni ile "niachie mimi." Leo ni fremu. Kesho itakuwa bati za nyumba, kesho kutwa mkopo wa gari, na kila mara kutakuwa na neno la kitaalamu la kukufungia mlango nje. Sisemi jamaa ni mbaya. Wanaume wengi wanafanya hivyo bila kujua, wamezoea kijiweni ambako anayetaja namba kubwa ndiye anashinda. Lakini mtu anayeelewa kitu kweli huwa anafurahi kukueleza. Akishindwa kukueleza fremu ni nini kwa maneno ya kawaida, basi huenda naye amekariri.

Usiende kwa shari. Mpigie pasi laini. Mwambie, "Baba, nimesoma kidogo, twende tukaangalie wote." Nendeni duka ambalo wana mashine zote mbili zimewashwa. Mwombe muuzaji aweke gemu moja kwenye zote mbili, kaeni mbali kama mtakavyokaa sebuleni, halafu mchumba wako ageuke ukutani wakati muuzaji anabadilisha. Akigeuka aseme ipi ni Pro. Arudie mara tano. Akipata tano zote, mpe heshima yake, macho anayo, na mjadala wa friji uanze upya kwa adabu. Akipata mbili au tatu, usicheke dukani. Chekeni mkifika nyumbani.

Na mkishainunua yoyote ile, tafuteni gemu moja inaitwa It Takes Two, ya Machi 2021, iliyochukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards Desemba ile. Hakuna namna ya kuicheza peke yako, lazima wawili, kioo kimegawanywa katikati. Ni habari ya mke na mume wanaotaka kuachana, wakageuzwa wanasesere, na hawatoki mpaka wasaidiane. Haihitaji Pro, ilitolewa hata kwa PS4. Mimi na mzee wangu ilituchukua wiki tatu, na kuna siku tulilala kila mtu amegeukia ukuta kwa sababu ya lile daraja.

Ukishajua TV yenu ni hezi ngapi nitumie ujumbe. Na kama mtachukua friji, nataka kujua ni ya milango mingapi. Tukutane mwezi ujao.